Miguu Minne ya Kiti cha Mjomba

Nikiwa chali juu ya zulia la mjomba wa mke wangu, sahani ya pilau imenifunika kifua na kachumbari inanichuruzika shingoni, jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu miguu ya kiti. Ilikuwa minne. Nikahesabu tena kuanzia upande wa dirishani, nikidhani labda mmoja umejificha nyuma ya mwenzake. Minne. Huku juu watu wananipa zile pole zenye kicheko ndani yake, mtoto mmoja anauliza kama anko amekufa, na mimi bado natafuta mguu wa tano.

Hiyo ni Jumapili iliyopita, Mbezi Beach, mbele ya ukoo mzima wa ukweni. Kiuno kinauma hata ninapoandika haya, lakini kiuno kitapona. Kisichopona ni video ya kuanguka kwangu, maana siku hizi mtu haanguki mbele ya waliopo tu. Anaangukia mpaka walioko Mwanza na Muscat.

Wa kulaumiwa ni tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iitwayo Frasier. Kituo cha NBC kilianza kuirusha Septemba 1993, ikaisha Mei 2004 ikiwa na vipindi 264 na tuzo 37 za Emmy, tano kati ya hizo za tamthilia bora ya vichekesho, mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Frasier Crane ni daktari wa magonjwa ya akili aliyerudi mjini kwao Seattle kuwashauri wasikilizaji wa redio. Anajiona amesoma na kustaarabika kuliko jiji zima, ukimtoa mdogo wake Niles, naye daktari wa akili, ambaye hakalii kiti cha mgahawa kabla ya kukipangusa kwa leso. Ndugu hawa wanakunywa sheri kwenye vigilasi vidogo, wanakwenda opera, wanagombania kuongoza klabu ya mvinyo. Halafu baba yao Martin, polisi mstaafu aliyepigwa risasi ya nyonga, anahamia kwa Frasier na fimbo yake, mbwa wake, na kiti chake kikuukuu kilichozibwa matundu kwa selotepu. Basi. Hapo ndipo penye mgogoro wote, na umedumu miaka 11 bila kuchuja.

Niliipata yote kwenye flashi ya jamaa mmoja wa ofisini, nikawa naitazama usiku mke wangu akishalala. Ina madhara yake. Mtu huamka asubuhi moja akajikuta anajua majina ya vitu ambavyo hajawahi kuvigusa. Mimi leo najua kwamba kile chombo cha kioo sebuleni kwa Frasier ni cha Dale Chihuly, fundi wa vioo aliyezaliwa Tacoma, jirani kabisa na Seattle, akapoteza jicho la kushoto kwenye ajali ya gari Uingereza mwaka 1976. Najua kwamba kile kiti cha mabomba ya chuma alikibuni Marcel Breuer katika miaka ya 1920, wazo akilitoa kwenye usukani wa baiskeli yake. Nani aliniuliza? Hakuna.

Sheri ndiyo iliyonikosesha usingizi kabisa. Nilitaka kujua ni kitu gani hiki wanachomiminiana kila wakikutana, nikajikuta niko Jerez, kusini mwa Hispania, ndani ya ghala lenye mapipa yaliyopangwa safu juu ya safu. Mvinyo wa kuuza unachotwa kwenye safu ya chini kabisa, ila pipa halimalizwi. Kilichotoka kinajaziwa kutoka safu ya juu yake, na hiyo inajaziwa kutoka ya juu zaidi, mpaka huko kileleni ndiko unakoingia mvinyo mpya. Miaka inashuka taratibu na kuchanganyika, kiasi kwamba huwezi kumwambia mtu sheri hii ni ya mwaka fulani. Ndani yake mna tone la juzi na tone la enzi za babu. Aina inayoitwa fino inakaa chini ya utando wa hamira unaoelea wenyewe juu ya mvinyo na kuukinga na hewa. Utando! Nililisimulia hili kwenye daladala la Makumbusho, kwa abiria aliyeniuliza kama kituo cha Bamaga tumeshapita. Sheri yenyewe sijawahi kuonja hata tone.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyeingia sebuleni kwa Mjomba.

Mjomba ni mstaafu aliyefanya kazi nje miaka mingi, na tangu nimwoe mpwa wake hajawahi kunitazama zaidi ya sekunde anazohitaji mtu kuitikia salamu. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba mkwe, pita." Siku hiyo viti vilijaa, wazee wamekaa kwenye masofa, vijana kwenye viti vya plastiki vya kukodi, nikabaki nimesimama na sahani yangu. Mjomba akaonyesha kwa kidevu pembeni ya kabati la vyombo. "Kaa pale."

Pale palikuwa na kiti cha ngozi nyeusi juu ya magamba ya mbao iliyopindwa, na kistuli chake cha kuwekea miguu. Moyo ukaniruka. "Mjomba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyemwona mbunge sokoni, "hiki si Eames hiki?"

Akageuka. "Nini?"

"Eames! Kiti cha Eames. Frasier anacho."

Frasier hakumjua, lakini mtu mzima anajua anapopandishwa cheo. Akaweka kijiko chini. "Hebu waeleze hawa," akasema, "maana nawaambia siku zote kwamba hiki si kiti cha mchezo, hawanielewi." Na akanitazama kwa upendo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikaketi, nikaegama, nikawaeleza. Kwamba Charles na Ray Eames walikuwa mume na mke, na kiti hiki kilianza kuuzwa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1956, lakini chimbuko lake ni vita. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilihitaji magango ya kufungia miguu iliyovunjika, nao wawili hao walikuwa wamehangaika nyumbani kwao Los Angeles wakijifunza kupinda plaiwudi. Mbao nyembamba sana, tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri, kila tabaka nyuzi zake zimelala kinyume cha lenzake, gundi katikati, kisha joto na mgandamizo ndani ya kalibu mpaka ubao unakubali umbo la paja la binadamu. Walitengeneza magango hayo kwa maelfu na maelfu. Vita vikaisha, ujuzi ukabaki, wakaupeleka kwenye viti. Nia yao ya awali ilikuwa samani nzuri za bei nafuu kwa watu wengi. Hiki cha ngozi ndicho kilichoelekezwa kwa wenye nazo, na Charles alitaka kimpokee mtu kwa ulaini wa glavu ya besiboli iliyozoea mkono wa mwenyewe.

Wazee walikuwa wananisikiliza. Mzee mmoja alisema "ahaa" pale kwenye magango. Nikapata nguvu, nikaingia kwenye ufundi wenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo sehemu tamu. Kiti cha Eames hakina skrubu hata moja inayoonekana mgongoni. Mgongo haujashikana na kalio moja kwa moja. Unashikiliwa na mikono ya kiti, na kati ya mikono hiyo na ubao mna vibonge vya mpira vilivyogandishwa kwa gundi. Ukiegama, mpira unajinyonga kidogo, ubao unakubembeleza. Uzito wote wa mgongo wa mtu uko juu ya vibonge hivyo. Gundi ikizeeka, kibonge kinabanduka, na hakitoi taarifa. Hata vile vya asili, tena vya watu wakubwa, vimewahi kumwaga wenyewe namna hiyo.

Sehemu ya gundi sikuisema. Nilikuwa nataka kuifikia, ila mzee wa "ahaa" akauliza bei. Nikamwambia: zaidi ya dola elfu 5, Mzee wangu, kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni 10. Sebule ikanyamaza kwa heshima. Nikajiegemeza kuisindikiza hiyo heshima, nikasikia mlio mkavu nyuma ya bega la kulia, tak, na dari ya Mjomba ikapita mbele ya macho yangu ikienda upande usio wake.

Kiti halisi cha Eames kina miguu mitano. Kistuli chake ndicho chenye minne. Wanaoviiga, wengi wao, hawajishughulishi kutengeneza tako la aina mbili. Wanatumia lilelile la miguu minne kwenye kiti na kwenye kistuli. Hilo nalo nililijua. Nililijua vizuri sana, ila ukiwa umesimama na sahani ya pilau huangalii miguu ya kiti, na ukiwa umekikalia huioni. Inabidi ulale chini.

Waandishi wa Frasier waliuelewa huu mtego kuliko mtu yeyote. Wenye kuiona tamthilia ile kuwa ya wasomi hawajaitazama kwa makini. Majina makubwa yanayotajwa mle hayafafanuliwi kamwe, na huna haja ya kuyajua. Niles akitaja opera, kichekesho hakiko kwenye opera; kiko kwenye pua ya Niles inavyopanda, na kwenye uso wa Martin anayetafuta rimoti aangalie mpira. Anayeijua opera anacheka mara mbili, asiyeijua anacheka mara moja, kila mtu anarudi na chake. Kuna kipindi cha msimu wa 6 kiitwacho Three Valentines ambacho dakika zake za mwanzo karibu hazina neno hata moja. Niles yuko peke yake kwenye nyumba ya kaka yake, anamsubiri mgeni wa kike, meza imeandaliwa. Anaona mkunjo wa suruali haujanyooka. Anaivua aipige pasi. Uzi unachomoza, anachukua mkasi, anajikata kidole, na yeye akiona damu anazimia. Anazinduka, anaona doa kwenye sofa, anatafuta cha kusafishia, kile cha kusafishia kinashika moto vizuri, na pasi bado iko juu ya suruali. Nilimwonyesha bibi yake mke wangu, ambaye Kiingereza anachokijua ni "bye-bye". Alicheka mpaka akaomba maji.

Na angalia kinachomuunguza. Mkunjo wa suruali ndio uliomuunguza. Hakuna adui aliyeingia kwenye ile nyumba. Katika Door Jam, cha msimu wa 10, ndugu hao wanaingizwa kwenye jumba la fahari la kukandwa na kupakwa matope usoni. Wanaelea kwa raha, mpaka waone kuna mlango wa dhahabu ambao wao hawaruhusiwi kuupita. Raha imekwisha hapohapo. Wanahangaika mpaka wanaupita, na huko ndani kukiwa ni pepo tupu wanaona mlango mwingine, wa platinamu. Wanausukuma huo nao. Unatokea nje, kwenye mapipa ya taka.

Ndivyo ilivyo hesabu ya waandishi hao: majivuno yanamrudia mwenye majivuno, tena kwa kipimo kilekile alichojipimia. Naikubali hesabu hiyo. Kama sebule ya Mjomba ingeifuata, ningecheka leo na ninyi, nimefuta pilau, mambo yameisha.

Lakini sekunde chache baada ya pole, mke wa Mjomba aliita jikoni. Binti anayewasaidia kazi za nyumbani akaja mbio, mikono ina povu. "Wewe ulipaka nini kwenye kiti juzi?" Binti akasema hakupaka kitu, alipangusa vumbi tu, kama alivyoambiwa. "Na nani alikisogeza?" Alikisogeza yeye, kupiga deki. "Si umeona sasa?" Na Mjomba, aliyejua fika ni nani alikuwa ameegama pale akihutubia, akatikisa kichwa kwa masikitiko kumwelekea yule mtoto wa watu, wageni nao wakatikisa vyao. Binti akapiga magoti akaanza kuokota punje za pilau kwenye zulia, moja moja, kuzunguka miguu yangu.

Hapa sichekeshi. Kwenye nyumba ya Frasier kuna Daphne, Mwingereza aliyeajiriwa kumfanyisha baba mazoezi ya nyonga na kuangalia nyumba, naye hatendewi haki siku zote. Kwenye kipindi ambacho ndugu hao wananunua mgahawa na wapishi wanawakimbia usiku wa ufunguzi, yeye ndiye anayeachiwa kuua mikunga hai. Ila Daphne ana mshahara, ana chumba chake, na ana mdomo. Anawajibu, na jibu lake ndilo linalopigiwa kicheko. Yule binti wa Mbezi Beach hana hata kimoja kati ya vitatu kwa kipimo kinachoeleweka. Majivuno ni ya Mjomba na ya kwangu, gundi ni ya kiwanda tusichokijua, na anayepiga magoti ni mtu ambaye kiti chenyewe haruhusiwi kukikalia. Nimekula kwenye nyumba nyingi za aina hiyo, na kila kinachovunjika mle kimevunjwa na dada. Jagi, tivii, ndoa.

Nikasema ni mimi. Nikasema uzito wangu ndio uliokivunja, dada hahusiki, nitakitengeneza. Wala usinione shujaa. Nilikuwa nimekaa chini na mkono wa kiti umebaki mkononi mwangu, ningesema nini?

Kabla hatujafika nyumbani, shemeji mmoja alikuwa ameshaingia intaneti, akaandika E-a-m-e-s, akatupia bei kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake akaandika: "Mkwe yuko sahihi, ni zaidi ya milioni 10!" Watu wakaweka vile vinyago vya macho yaliyotoka. Mjomba hakuandika neno. Aliweka viganja viwili vilivyobandikwa pamoja, vile ambavyo hakuna ajuaye kama ni shukrani au ni dua.

Fikiria hali yangu. Nikinyamaza, nina deni la milioni 10 kwa kiti cha bandia. Nikisema, nimemwambia mzee mbele ya wapwa wake na walioko Muscat kwamba kiti chake cha heshima ni cha kuiga, na shahidi aliyekithibitisha kuwa halisi, kwa tarehe na majina ya waliokibuni, ni mimi. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja: "Kwani ulipoingia ungesema tu 'kiti kizuri Mjomba', ungekufa?"

Usiku ule nikajilaza na chupa ya maji ya barafu kiunoni, nikafungua kipindi cha kwanza kabisa, kile cha 1993, nijiliwaze. Frasier anamtembeza baba yake sebuleni. Anamwonyesha taa, anamwonyesha Eames (miguu mitano, nilisimamisha picha nikahesabu), kisha anafika kwenye sofa na kifua kinamtanuka: sofa hii, anasema, ni nakala kamili ya ile aliyokuwa nayo Coco Chanel kwenye karakana yake ya Paris. Baba anaona hakuna kitu kinachofanana na kingine. Mtoto anamweleza kwamba vitu vikiwa bora kweli vinaendana tu.

Nilikuwa nimeshaiona sehemu hiyo nisijue nimeona nini. Nakala! Kitu anachojivunia kuliko vyote mle ndani, kwa kinywa chake mwenyewe, ni cha kuiga, na anautamka huo uigaji kwa kiburi, kana kwamba kunakili sawasawa ndiyo daraja yenyewe. Na hiyo ndiyo sofa atakayoichoma Niles kwa ajili ya mkunjo wa suruali. Nikaendelea kufukua. Mandhari ya jiji kwenye dirisha la Frasier ni picha kubwa iliyotundikwa nyuma ya jukwaa la 25 la studio za Paramount, Los Angeles, na imepigwa kutoka pembe ambayo hakuna ghorofa la Seattle linaloiona. Yule baba wa bia na mpira, Mmarekani wa mtaani kuliko wote, aliigizwa na John Mahoney, mzaliwa wa Blackpool, Uingereza. Kitu pekee kisicho na mwenzake mle ndani kilikuwa kile kiti kibovu cha selotepu, na hicho nacho msimu wa 9 kinashika moto na kudondoka kutoka roshani. Frasier anatubu kwa kuchongesha kingine, mstari kwa mstari, kiraka kwa kiraka, na gharama ya kuiga ubovu ule inakifanya kiwe samani ghali kuliko zote za nyumba ile. Nikaizima kompyuta nikiwa na raha ya ajabu kwa mtu mwenye deni.

Kesho yake nikakodi kirikuu, nikakipeleka kiti Keko. Fundi niliyeelekezwa alikipindua kwa mkono mmoja, akapapasa chini ya mkono wa kiti, akaanza kutabasamu kabla hata hajachukua bisibisi. Akafungua skrubu mbili, akanitolea kiganjani kile kibonge cha mpira nilichokuwa nimekisoma kwa mapenzi yote. Kilikuwa cha buluu upande mmoja na cheupe upande wa pili. Kilikuwa na mistari ya kuzuia kuteleza. Kilikuwa, kwa ufupi, kisigino cha kandambili kilichokatwa mviringo kwa kisu.

"Hii kazi yangu," fundi akasema, bila aibu. "Mzee alikileta kwenye mvua za mwaka jana. Nikamwambia mpira wake haupatikani, akasema weka chochote, ila asikikalie mtu mzito."

Kwa hiyo Mjomba alijua. Alijua akionyesha kwa kidevu, alijua akisema "kaa pale", alijua akimtikisia kichwa yule binti. Nikamuuliza fundi kama yuko tayari kusema maneno hayohayo mbele ya ukoo. Akanijibu kwamba Mzee ana makabati ya jikoni yanakuja. Ukitaka kuelewa uchumi wa nchi anza hapo. Safari hii alikata mpira wa tairi, akaongeza bolti mbili zinazoonekana kabisa mgongoni, ambazo Ray Eames asingezisamehe, na bei yake haikufika hata ya nauli ya kirikuu. Nimekirudisha. Mjomba alikizunguka, akazigusa bolti, akauliza: "Na hizi ndizo za kisasa?" Nikamwambia ndizo. Kuhusu zile milioni hajasema kitu, na mimi sina haraka ya kumkumbusha.

Mengine yaliyonipata wiki hiyohiyo ni madogo. Kwenye harusi Mikocheni nilinusa kizibo cha mvinyo kwa utaratibu wote, kikawa cha plastiki. Ofisini kwa mteja nilisifu chombo cha kioo kilichojikunja kwa mtindo wa Chihuly. Ni kivuli cha taa kilichoyeyuka siku nguzo ya umeme ilipopigwa na radi. Mgahawani nilimwambia mhudumu apunguze povu la kahawa, akalipuliza.

Na fundi wa Keko ninafanya naye kazi nyingine. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya sofa ya Frasier, ile ya Coco Chanel, nikamweleza kwamba hiyo ni nakala na ninataka nakala ya nakala, matakia ya kushonwa vishonovishono, rangi ya uji wa ulezi uliozidishwa maziwa. Aliitazama muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akauliza huyo Koko anakaa wapi na kama alilipa vizuri. Mbao ni mninga, hapo hakutaka mjadala. Plaiwudi, anasema, ni ya kufungia kuku. Nimetanguliza nusu ya pesa. Ameniahidi Ijumaa, na nilipomuuliza Ijumaa ipi alikuwa ameshawasha randa.